Mtoto Yupo Darasani, Lakini Yupo Kwenye Somo?

"Tumeelewana?"

"Ndiyooo mwaliiimu!"

Aliyesoma shule za Kayumba, hizi za msingi za serikali, hahitaji kusimuliwa hili. Mwalimu anauliza huku dasta limeshaanza kufuta ubao, watoto themanini na ushee wanaitikia kwa pamoja, na somo linasonga. Mgeni akipita dirishani ataondoka akisifu: darasa limechangamka, watoto wanashiriki. Mimi kwa muda sasa nimekuwa nikilipwa kukaa nyuma ya madarasa kama hayo, kwenye kiti cha kuazima ofisini, nikijaza fomu za kupima ushiriki wa wanafunzi katika masomo. Na kama kuna kitu nimejiridhisha nacho, ni kwamba ile "ndiyo" ya pamoja haikupi taarifa yoyote kuhusu mtoto yeyote. Inaitikiwa kama inavyoitikiwa "marahaba".

Kazi yenyewe ni ya udadisi. Miradi ya elimu inahitaji watu wa kwenda shuleni na vishikwambi, wakae darasani, wahesabu, waulize, kisha jioni watume data kama mtandao upo. Nimeifanya zaidi Dodoma, Singida na Manyara, kwenye shule zilizo kando ya lami na zile ambazo ukishuka kwenye basi unaanza kumtafuta bodaboda anayeijua njia. Shule sitazitaja, wala miradi. Walimu waliotupokea na kutugawia uji wao hawakuomba kuandikwa mtandaoni. Swali langu ni moja: tunaposema tunapima ushiriki wa mtoto wa darasa la tatu, tunahesabu nini hasa?

Nchi hii imezoea namba mbili. Ya kwanza ni ya rejista, nani yupo na nani hayupo. Ya pili ni ya mtihani. Namba ya rejista tumeipigania kwa nusu karne. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka watoto wote wa umri wa shule wawe wameandikishwa kufikia 1977, na ndipo tulipopata walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, vijana waliotoka darasa la saba wakafundishwa kazi huku wakiifanya. Ada ilipofutwa 2001 na MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ukaanza mwaka uliofuata, madarasa yakajaa upya. Halafu ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, elimu bila malipo kuanzia Januari 2016. Mwalimu aliyepokea darasa la kwanza mwaka ule mpaka leo anakumbuka sura ya chumba, na ndio mwaka ambao wakuu wa mikoa walikuwa wanahangaika na mbao za madawati.

Namba ya mtihani nayo ina wenyewe. Kuna upimaji wa darasa la nne, kuna mtihani wa darasa la saba, na tangu 2010 kumekuwa na Uwezo, wapimaji wasio wa serikali, ambao walifanya jambo la busara: badala ya kwenda shuleni walikwenda majumbani, wakampa mtoto hadithi na hesabu za kiwango cha darasa la pili, awe anasoma au ameacha. Matokeo yao yaliwachoma wengi. Mtoto wa darasa la sita anashindwa hadithi ya darasa la pili, na rejista inasema hakukosa shule.

Kati ya rejista ya asubuhi na mtihani wa mwisho wa mwaka kuna vipindi vya dakika thelathini kwa darasa la kwanza na la pili, dakika arobaini kwa wakubwa, siku nzima, wiki nzima. Humo ndimo mtoto anapojifunza au asipojifunza, na humo ndimo tulipokuwa hatuchungulii. Mwaka 2014 utafiti wa Benki ya Dunia wa viashiria vya utoaji huduma ulizitembelea shule zetu za msingi, na mara nyingine bila kutoa taarifa. Walimu waliokosekana shuleni walikuwa kama asilimia 14. Waliokosekana darasani, kipindi chao kikiwa kinaendelea, walikaribia nusu. Wengi wao hawakuwa wamekwenda mbali. Walikuwa ofisini na takwimu za kutuma wilayani, au chini ya mti na lundo la madaftari. Ratiba ilimwahidi mtoto karibu saa sita za masomo kwa siku. Alizofundishwa kweli hazikufika tatu.

Kwa hiyo mtoto yupo, mwalimu yupo, somo halipo. Huyo mtoto utampimaje ushiriki?

Wasomi wa jambo hili wamelichambua vizuri. Jeremy Finn wa Marekani aliandika mwaka 1989 kwamba mtoto haachi shule siku moja. Anaanza kujiondoa taratibu, kwanza kwenye somo, halafu kwenye kujiona kuwa ni wa pale, na mwisho mwili nao unafuata. Mwaka 2004 Jennifer Fredricks, Phyllis Blumenfeld na Alison Paris wakaugawa ushiriki katika sehemu tatu ambazo karibu kila fomu ya leo imezirithi: wa matendo, wa hisia na wa akili. Mtoto anafanya nini, anajisikiaje, na kichwa chake kinahangaika na nini. Mgawanyo huu naupenda kwa sababu ya kikazi kabisa. Matendo unaweza kuyatazama. Hisia inabidi uulize. Akili huwezi kuitazama na ukiuliza hujibiwi, kwa hiyo utafute alama zake kwenye kazi ya mtoto.

Nianze na kutazama, maana ndiko pesa nyingi zinakoenda.

Kifaa kinachojulikana sana kilitoka kwa Jane Stallings, Mmarekani, miaka ya 1970. Kipindi kinakatwa mara kumi. Kila zamu ikifika, mdadisi anazungusha macho darasani na kuandika: mwalimu anafanya nini, kwa zana gani, akiwa na watoto wangapi, na waliobaki wako kwenye nini. Benki ya Dunia ilikitumia kwenye madarasa zaidi ya 15,000 ya Amerika ya Kilatini na Karibiani, na ripoti ya 2014 ikasema hakuna nchi hata moja iliyovuka asilimia 65 ya muda kwenye kufundisha, wakati wenye kifaa walitaka 85. Ni kifaa kizuri. Ukifundishwa vizuri, watu wawili wanaokaa darasa moja wanatoka na namba zinazokaribiana, na hilo kwenye kazi hii si jambo dogo.

Shida yangu ni ndogo na ya kiufundi, ila inakula kila kitu. Kwenye fomu hiyo "kundi kubwa" la watoto ni sita au zaidi. Darasani kwa watoto 25, sita waliopotea ni robo ya darasa, mwalimu ana haki ya kushtuka. Kwenye darasa la watoto 90, na hilo si ajabu ingawa kiwango chetu kinasema 45, sita ni dawati moja na nusu upande wa dirishani. Hakuna kipindi chenye watoto 90 ambacho sita hawajapotea. Kwa hiyo karibu kila mzunguko unaandika herufi ileile, na jioni data inasema kila darasa la mkoa mzima linafanana. Ukitoka hapo na kwenda kwenye ripoti, tofauti kati ya mwalimu hodari na mwalimu aliyechoka imeshazama.

Kuna njia nyingine, ya mwanasaikolojia Edward Shapiro, ambayo ilitungwa kwa ajili ya mtoto mmoja aliyeleta wasiwasi. Unamchagua mtoto, unaangalia saa, na kila sekunde 15 unaandika: anafanya kazi kwa vitendo, yaani anaandika, anasoma kwa sauti, anajibu, au anashiriki kimya, anasikiliza na kutazama ubao, au ametoka nje ya kazi, kwa mwili, kwa mdomo, au kwa kuduwaa tu. Kila zamu ya tano unamwangalia mwenzake ili uwe na cha kulinganisha. Kipindi cha dakika 40 kinakupa zamu 160. Inachosha macho, na mara nyingine unasahau kupumua. Lakini nilipoanza kuitumia, madarasa yaliyokuwa yanafanana yakaacha kufanana.

Nitasimulia kipindi kimoja cha hisabati, darasa la tatu, kuzidisha kwa tarakimu moja. Niliyemfuatilia ni binti aliyekaa dawati la tatu kutoka mbele, katikati ya wenzake watatu. Mwalimu alifundisha kwa mifano miwili, akaandika maswali matano ubaoni. Binti hakuwa na penseli. Alisubiri jirani amalize swali la kwanza, akaazima, akaandika namba mbili, akairudisha, akasubiri. Huo mzunguko uliendelea, na pamoja na hayo yote alimaliza maswali yake matano kabla ya nusu ya kipindi, yote sahihi, nilikuja kuyaona baadaye. Kisha akaingia kwenye foleni ya kusahihishiwa mezani kwa mwalimu. Foleni ilizunguka madawati ya mbele mpaka mlangoni. Alisimama na daftari kifuani, akisogea hatua moja moja, akimvuta mwenzake sweta, akitazama mbuzi nje. Kengele ya rimu ya gari ikagongwa akiwa bado hajafika.

Kwa fomu, binti huyu alikuwa nje ya kazi kwa zaidi ya nusu ya kipindi. Mwenzake wa kulinganisha, kijana wa dawati la pembeni, alikaa muda wote macho yakiwa ubaoni na daftari tupu mbele yake. Fomu ikamwandika "anashiriki kimya", karibu zamu zote.

Ukiipeleka data hiyo kwa mtu aliyekaa ofisini, atapendekeza binti asaidiwe kuongeza umakini.

Baada ya siku ile nikaanza kuweka alama yangu pembeni ya fomu, ambayo hakuna aliyeniagiza. Kila zamu, kabla ya kuandika mtoto anafanya nini, naandika kwanza: kwa wakati huu somo limempa kitu cha kufanya, au halijampa? Herufi moja tu. Na hiyo herufi ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko safu zote za rasmi. Kwenye madarasa yetu makubwa, sehemu kubwa ya kile kinachoandikwa kama kutoshiriki ni kusubiri. Kusubiri kitabu kinachotoka dawati hadi dawati, kusubiri wembe wa kuchongea, kusubiri wenzake wamalize kunakili, kusubiri zamu ya kusahihishiwa, kusubiri mwalimu aliyeitwa ofisini mara moja na hiyo mara moja ikawa ndefu. Mtoto anayesubiri akichezea kizibo cha soda hajalikataa somo. Somo ndilo halijamfikia.

Nikisema hivi walimu wengine wanadhani nawalaumu. Hapana. Mwalimu mwenye watoto 90, akimpa kila daftari nusu dakika, anahitaji dakika 45 kusahihisha, na kipindi ni cha 40. Hesabu haikubali. Ninachosema ni kwamba kabla hujaandika ushiriki wa mtoto kwa namba, pima kwanza ameulizwa nini na kapewa nini. Mtoto asiyeulizwa swali tangu Jumatatu hawezi kupata alama ya kujibu maswali.

Na kuna walimu wameshaligundua hili bila mdadisi. Nimekaa kwenye darasa lingine, watoto wengi vilevile, mwalimu wa makamo mwenye sauti ya chini. Maswali yakikamilika anasema, "Badilishaneni madaftari." Majibu yanaandikwa ubaoni, kila mtoto anamsahihisha mwenzake kwa penseli, aliyekosa swali la tatu anasimama, na waliokosa wanakusanyika mbele kwenye mkeka wakati wengine wanapewa maswali mengine. Herufi zangu za pembeni zilikuwa karibu zote "amepewa". Kelele zilikuwepo. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anayependa darasa la kimya asingefurahi.

Sasa nije kwenye akili, sehemu ambayo fomu nyingi zinaikwepa kwa kuuliza mwalimu: "Je, wanafunzi wanaonyesha kufikiri?" Mwalimu gani atasema hapana.

Mimi naomba madaftari. Siyo yale mawili matatu ambayo mwalimu wa taaluma anakuchagulia, yenye jalada la gazeti na mwandiko wa kupendeza. Naomba ya dawati zima, kuanzia kushoto mpaka kulia. Daftari la shule ya msingi linasema mengi. Mara ngapi mtoto ameandika sentensi yake mwenyewe, isiyo ubaoni? Akikosa, je, kuna mahali amerudia? Vyema nyekundu ziko kwenye kurasa za mwanzo wa muhula tu, au zinaendelea? Makosa ya dawati zima yanafanana? Yakifanana mpaka kwenye nukta, ujue mmoja alifikiri na watatu wakanakili kwake.

Kijana mmoja wa darasa la tatu alikuwa na daftari la Kiswahili ambalo ningeliweka kwenye maonyesho. Mwandiko umesimama, hakuna aliyemfikia. Kwenye habari waliyonakili kutoka ubaoni kulikuwa na pengo katikati ya neno, nafasi tupu ya kama herufi mbili, "sh" kisha wazi kisha "ba". Nikageuka kutazama ubao. Habari ilikuwa bado haijafutwa, na pale kwenye neno "shamba" kiwiko cha mtu kilikuwa kimepita na kulifuta katikati. Kijana alikuwa amenakili na pengo. Nilipomwomba anisomee mstari ule alitabasamu, akatazama miguu yake. Alikuwa anachora. Kwa kifaa cha sekunde 15 huyu ni mtoto wa mfano: anaandika, anatazama ubao, anaandika. Zamu zake karibu zote ni za ushiriki, na hasomi.

Ndiyo maana ukinipa nafasi ya kuongeza kitu kimoja tu kwenye fomu yoyote, naongeza hiki: kipindi kikiisha, mchukue mtoto uliyemfuatilia, funika ubao, mwambie akueleze kwa maneno yake walichokuwa wanafanya. Inachukua dakika mbili. Mtaala wa KKK wa mwaka 2015 ulirudisha kusoma, kuandika na kuhesabu mbele ya mambo mengine kwa madarasa ya chini, na ulifanya vyema. Lakini kuandika kwa mkono na kuandika kwa akili vinaweza kuishi kwenye daftari moja bila kujuana.

Hisia ndizo zinazonichekesha. Tunampelekea mtoto wa miaka tisa dodoso lenye nyuso tano, kutoka iliyonuna hadi inayocheka, tunamuuliza: "Unapenda kuja shule?" Aliyeuliza ni mtu mzima, amevaa viatu vya mjini, ameshuka kwenye gari jeupe, na asubuhi mwalimu mkuu amewaambia paredini kwamba kuna wageni kutoka Dar na wawe na adabu. Uso wa tano, wote. Ungekuwa wewe ungechagua upi?

Kitu kilichofanya kazi kidogo kwangu ni vizibo. Vile vya soda, ambavyo darasa la kwanza wanahesabia. Nampa mtoto vizibo vitano na karatasi zenye michoro: kitabu cha Kiswahili, namba, mche wa Sayansi, mpira, ufagio. Namwambia aweke vingi pale ambapo akiwa anafanya muda unakwenda haraka. Hakuna jibu zuri wala baya, na mimi najifanya nina kazi na begi langu. Kijana mmoja alikuwa ameniambia dakika chache nyuma, kwa sauti ya paredi, kwamba anapenda sana Hisabati. Vizibo vinne vikaenda kwenye mpira, kimoja kwenye Kiswahili. Akafikiri. Akatazama mlangoni kama mwalimu yupo. Kisha akahamisha kimoja kutoka kwenye mpira kwenda kwenye namba, kwa kidole kimoja, taratibu, nisimwone.

Hiyo ndiyo data. Ila kwenye kishikwambi hakuna mahali pa kuijaza.

Fimbo nayo lazima itajwe, kwa sababu inaharibu vipimo bila kuonekana. Kanuni za 2002 zinasema adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu au aliyemkasimu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Tunajua hali ilivyo. Darasa lenye fimbo juu ya meza linapata alama nzuri mno kwa kutazama: macho mbele, migongo imenyooka, hakuna anayegeuka. Ukiwafuatilia mmoja mmoja utaona mikono haipandi, na anayeulizwa anajibu kwa sauti ambayo hata jirani haisikii. Nimeshakutana na fomu zinazompa mwalimu huyo alama ya juu kuliko yule wa mkeka.

Njaa nitaipita haraka, kila mtu anaijua. Shule yenye uji na shule isiyo na uji, ukizipima saa mbili na nusu asubuhi zinalingana. Kapime saa tano na nusu.

Ukimya ndio unahitaji subira. Huko Manyara mtoto anaweza kufika darasa la kwanza akiwa amelelewa kwa Kiiraqw au Kibarbaig, Kiswahili anakisikia mnadani na redioni. Mwalimu anauliza kwa Kiswahili, mtoto anaelewa nusu, anatafsiri, anatafuta neno, na kabla hajalipata swali limeshakwenda kwa mwingine. Kwenye fomu yeye ni sifuri. Nilimfuatilia mmoja wa namna hiyo mpaka mapumziko: kwenye rede ndiye aliyekuwa anagawa timu, anaamua nani ametoka, anazozana na wakubwa, kwa Kibarbaig na Kiswahili kilichochanganywa vizuri tu. Alipokuwa darasani vidole vyake vilikuwa vinahesabu kwenye paja chini ya dawati. Majibu alikuwa nayo, ila yalichelewa kidogo kuliko mwalimu.

Na hapa kuna jambo ambalo gharama yake ni sifuri. Mary Budd Rowe, mwalimu wa walimu wa sayansi huko Marekani, miaka ya 1970 mwanzoni alirekodi masomo akapima muda ambao mwalimu anasubiri baada ya kuuliza. Kwa kawaida ilikuwa kama sekunde moja. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, wanaosema "sijui" wakapungua, na watoto waliokuwa wamehesabiwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde tatu unaweza kuzipima hata bila saa. Kati ya vipimo vyote nilivyowahi kubeba kwenye begi, hiki ndicho ambacho walimu hawajawahi kubishana nacho. Wanacheka, halafu wiki inayofuata unawaona wanahesabu kimoyomoyo baada ya kuuliza swali.

Nani afanye kazi hii wadadisi tukishaondoka? Afisa Elimu Kata ana pikipiki na shule za kuzungukia, wathibiti ubora wanakuja kwa nadra, na wote wawili wakikaa darasani somo linabadilika kuwa maonyesho. Ile stori ya watoto wanaofundishwa kunyoosha mkono wa kulia kama wanajua jibu na wa kushoto kama hawajui, ili mgeni aone msitu wa mikono, nimeisimuliwa kama utani kwenye vyumba vya walimu vingi mno kiasi kwamba siiiti tena utani. Kipimo cha ushiriki kikishaanza kupanga shule kwa nafasi, kama tunavyozipanga kwa mtihani, tutapata misitu ya mikono nchi nzima.

Mimi naona mahali pake ni kwenye vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, pale walimu wa shule moja wanapokaa pamoja bila mgeni. Shule moja nimeikuta ikifanya hivi: mwalimu mmoja anafundisha, mwenzake anakaa nyuma na karatasi na simu yenye saa. Watoto watatu tu, mmoja wa mbele, mmoja wa katikati, mmoja wa nyuma, na majina yanabadilika kila wiki. Safu ya kwanza ni ile yangu, amepewa kazi au hajapewa. Mwisho wa kipindi wanamwita mmoja aeleze. Wiki ya kwanza waligundua kwamba yule wa nyuma hakuulizwa chochote kipindi kizima, na mwalimu aliyefundisha alibisha mpaka alipooneshwa karatasi. Wiki iliyofuata akaulizwa, akakosa, akapewa swali lingine rahisi zaidi.

Mwalimu mkuu aliposikia aliona ni jambo la kujivunia, akaomba nakala za karatasi zile aziweke kwenye faili la shule, wilaya wakija wazione. Walimkatalia, kwa heshima zote.